Kocha wa Chumba cha Vioo

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara tatu na mara zote nikaishia kwenye shikamoo, kwa hiyo leo naandika bila kufuta. Koo linaendeleaje? Baba kaniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza hata kunong'ona, na kwamba siku hizi unagombana naye kwa daftari. Eti ukikasirika unaandika kwa herufi kubwa. Nilicheka peke yangu dukani mpaka muuzaji akanikodolea macho. Ujumbe wa simu najua hutaki kuusikia, vidole vyako na vile vitufe haviivi chungu kimoja, basi tutaandikiana kama watu wa zamani, na Baba atakuwa tarishi wetu wa posta.

Kazi nimepata, tena ile niliyoisomea. Kile kiwanda cha nguo kimeniajiri niwe kocha wa wasimamizi. Tafadhali mweleze Baba tena, polepole, kwamba si kocha wa mpira. Jirani yenu alinipigia kunipongeza akauliza timu yetu inacheza lini. Kocha wa aina yangu hakimbizi mtu. Anakaa na mtu saa nzima anamuuliza maswali, mpaka yule mtu aone mwenyewe anataka nini katika kazi yake na kinachomkwamisha ni nini. Na anachoambiwa hakitoki nje. Hicho ndicho kiapo chetu, tulikitamka kwa sauti siku ya kumaliza mafunzo.

Wamenipa chumba. Zamani kilikuwa cha kuwekea vitambaa vya sampuli. Kuta zake tatu ni vioo, dirisha halifunguki, na kiko katikati ya ukumbi wa ushonaji, kwa hiyo wenye cherehani wote wananiona hata nikipiga chafya. Wanakiita tangi la samaki. Na mimi mwenyewe nalala bweni la kiwanda, nyuma ya ukuta huohuo, kitanda, kabati na ndoano mbili za kutundikia nguo.

Shida ni mimi, Shangazi. Nikikaa mbele ya mtu aliyefanya kazi miaka ishirini, sauti yangu inakuwa nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa sukari. Nauliza swali, halafu najijibu. Kule mafunzoni walitusimamisha mbele ya kioo tujiambie "ninaweza" mara kumi kila asubuhi. Nimejiambia mpaka jirani yangu wa bwenini amegonga ukuta. Juzi aliingia msimamizi wa ushonaji, mama mwenye mwili na heshima zake, wanamwita Mama Pindo kwa sababu hakuna pindo linalopita bila yeye kulivuta. Alinisikiliza dakika kumi nzima, kisha akasema, "Binti, hapa ni wewe unanisaidia mimi, au mimi nakusaidia wewe?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ili nipate cheti kamili natakiwa nitimize saa mia mbili za kukaa na watu, na Meneja azisaini. Mkataba ni wa miaka miwili. Nikiondoka kabla, anazifuta zote, hata alizokwisha kusaini.

Wewe ulifundisha wakimbiaji miaka kumi na tisa. Ulikuwa ukisimama pembeni ya uwanja watu wazima wananyooka. Ulipata wapi kujiamini? Na mbona uliacha? Sikuwahi kukuuliza.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Koo lipo, mimi nipo, na babako yupo mlangoni anasubiri nimalize ili aulize nimeandika nini. Nitamwambia salamu. Kuku wake wanne wamekuwa watatu, anamshuku paka wa watu, mimi namshuku yeye na njaa yake. Mguu wake bado unamsumbua vilevile.

Sasa hiyo sauti. Nikwambie kitu ambacho watu hawakijui: kila mashindano mimi nilikuwa natapika. Nyuma ya jengo la kubadilishia nguo, kimyakimya, kisha nanawa uso natoka. Kwa hiyo usinione hivi ukadhani nilizaliwa na kifua. Kujiamini ni kazi ya mikono kama kufua. Unaifanya leo, kesho nguo zimechafuka tena, unafua.

Fanya hivi. Moja, kaa kwenye kiti mpaka mgongo uguse nyuma, wewe najua unakaa ukingoni kama mgeni asiyealikwa. Pili, ukishauliza, funga mdomo. Hesabu mpaka kumi na tano, na ukifika kumi na tano, anza upya. Mkimbiaji akitoka kukimbia vibaya, kocha mjinga anamrukia na maneno. Mimi nilikuwa namimina maji kwenye kikombe, nayanywa taratibu, namtazama tu. Hakuna binadamu anayeweza kukaa na kimya. Atasema. Tena atasema kile alichoapa kwamba hatakisema.

Na huyo Mama Pindo usimkimbie. Mtu anayeuliza swali kama hilo amekuja na shida ya kweli.

Kula vizuri. Babako anasema kwenye simu unasikika kama umekonda, sijui sauti inakondaje.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichukua wiki mbili, mhuri wa posta umepigwa juu ya anwani, hata sijui ilinifikaje. Pole kwa kuku. Baba kanipigia juzi akaniuliza kama ni kweli ulikuwa ukitapika. Nikajua barua unaziacha mezani.

Nimekaa mpaka nyuma ya kiti. Nimehesabu. Shangazi, inafanya kazi mpaka inanitisha! Mama Pindo alirudi, nikamuuliza swali moja, nikanyamaza. Alitazama cherehani, akatazama viatu vyake, akatazama mikono yangu, halafu akaongea dakika arobaini. Alipotoka akasema, "Leo umekomaa." Nilitembea mpaka bwenini kama nimevikwa taji.

Wapo wasimamizi sita, nakaa na kila mmoja mara moja kwa wiki. Ninayempenda zaidi ni wa chumba cha rangi, mzee mpole, vidole vyake vina rangi ya buluu mpaka kwenye kucha. Wanamwita Fundi Rangi. Miaka ishirini na mbili anachanganya rangi kulinganisha na kipande anacholeta mteja. Wiki iliyopita nilinyamaza naye kwa muda mrefu kuliko kawaida, na aliniambia jambo zito. Amesema hajamwambia hata mkewe.

Meneja naye tumezoeana. Wafanyakazi wamempa jina Kwaufupi, maana kila akisema "kwa ufupi" jua hapo umekaa saa nzima. Anataka ukurasa mmoja kwa kila mtu kila mwezi, ni utaratibu wa ofisi tu. Saa zangu zimefika hamsini na moja.

Mwambie Baba kwamba Jumapili timu yetu haichezi.

Hukunijibu kwa nini uliacha.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua sasa naziweka chini ya godoro.

Nimefurahi kwa habari ya Mama Pindo, nimeisoma mara mbili. Lakini kuna mahali umepita upesi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ukurasa gani? Kwenye barua ya kwanza uliniandikia kwamba unachoambiwa hakitoki nje. Sasa nakuuliza: ukurasa huo unaandikwa nini, anausoma nani, na hao watu sita wanajua kwamba upo?

Nijibu hayo matatu. Habari za timu zitasubiri.

Shangazi yako


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo. Mimi mzima, kazi inaendelea. Joto limezidi, na lile dirisha nimeambiwa haliwezi kufunguliwa kwa sababu vumbi la pamba litaingia, ingawa vumbi hilo linaingia kwa mlango.

Naona watu hapa wameanza kuniheshimu. Sauti yangu imetulia. Mtu akiingia sasa siogopi. Saa ni themanini na nne.

Kurasa ni za kawaida, naandika mambo ya juujuu: fulani anaendelea vizuri, fulani anahitaji muda. Usiwe na wasiwasi.

Wewe unauliza maswali matatu, langu moja hujalijibu mpaka leo.

Mwanao


15 Mei

Mwanangu,

Barua yako ni fupi na imepigwa pasi. Wewe hujawahi kuniandikia "nyote hamjambo" tangu umejua kalamu. Kuna nini?

Babako anakwenda posta Jumanne na Ijumaa.

Shangazi yako


20 Juni

Babako amerudi posta mikono mitupu, mara ya kumi sasa. Kwenye simu unamwambia uko sawa, anakuja kuniambia uko sawa, na sote wawili tunakaa hapa tunajua hauko sawa. Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni matusi.

Shangazi


11 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Barua zako zote zimefika. Nilikuwa naziweka kwenye kabati bila kuzifungua, nikijua umeniuliza nini.

Nitakuambia kama ilivyokuwa.

Jambo alilonieleza Fundi Rangi ni hili: macho yake yanaharibika. Si kwamba haoni, anaona. Ila tangu mwaka jana kijani na kahawia zimeanza kumjia kama kitu kimoja. "Makopo yana namba," aliniambia, "namba hazijanidanganya bado. Lakini kipande cha mteja hakina namba, mwanangu. Nakipeleka dirishani, nakigeuza, najikumbusha." Alikuwa hajui aende wapi wala amwambie nani. Tulikubaliana tutafute njia, apate mtu wa kushika ulinganishaji, yeye abaki na mchanganyiko, ambao hakuna anayeuweza kama yeye. Tulikuwa tumeshaanza kupanga atakavyolisema mwenyewe.

Mwisho wa Aprili Meneja aliniita. Alikuwa amezitandaza kurasa zangu mezani. "Kwa ufupi," akasema, "hizi zimejaa maji. Fulani anaendelea vizuri, fulani anahitaji muda. Mimi nimekuajiri uniletee maji? Ama watu hawakuambii kitu, ama wewe huniambii mimi. Kama hawakuambii, saa unazokaa nao si saa za kusaini. Nipe kitu kimoja cha kweli."

Nilikaa mpaka nyuma ya kiti, Shangazi, kama ulivyonifundisha. Nilinyamaza. Naye akanyamaza. Ni mimi niliyeshindwa.

Niliandika sentensi moja. "Uwezo wake wa kutofautisha rangi umepungua." Nikajiambia ni kwa usalama wa kazi. Nikajiambia atasaidiwa.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, Meneja alileta meza ukumbini akaiweka mbele ya cherehani zote. Akapanga vipande kumi na viwili vya nguo. Akamwita Fundi Rangi, akamwambia achague vyote vya kijani. Mimi nilikuwa ndani ya tangi langu. Sikusikia neno, niliona tu, maneno nilisimuliwa baadaye. Mzee alivishika kimoja kimoja. Alikiinua kimoja kuelekea dirisha la mbali, akakirudisha. Akachagua vinne, akavipanga vizuri. Viwili vilikuwa kahawia. Hata mimi nilivyokuwa mbali niliona. Kuna msichana wa cherehani ya mbele alijifunika uso kwa kitambaa.

Hakubishana. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani juu ya vile vipande. Halafu akageuka akanitazama kupitia kioo. Hakukasirika hata kidogo, Shangazi, ningependa angekasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Akatoka.

Mwisho wa mwezi Meneja alisaini saa zangu zote, bila hata kuzihesabu.

Naingia saa mbili, natoka saa kumi na moja. Wale watano bado wanakuja na bado wanaongea, hawajui siri ya mzee imetokea wapi. Kila mmoja akifungua mdomo natamani kumziba. Nikiacha, natoka na begi langu bila saa hata moja, na hapa wataleta kocha mwingine. Nikibaki, ndio hivi. Nimeizunguka hesabu hii kila upande na sioni mlango.

Sauti yangu haitetemeki tena. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Mwanao


25 Julai

Mwanangu,

Nilisoma barua yako nimesimama uani, nikaisoma tena nimekaa. Babako aliniona akaondoka zake bila kuuliza, na hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Uliniuliza kwa nini niliacha. Watu wanasema ni koo. Mimi nimewaacha waseme. Koo lilianza kuniuma miaka minne baada ya kuacha, lakini nani anahesabu? Ugonjwa ulinifaa, nikajificha nyuma yake.

Nilikuwa na mkimbiaji, binti mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Wiki moja kabla ya mashindano makubwa alitoka kukimbia akakaa chini. Nikamimina maji, nikanywa, nikanyamaza, na akasema. Mfupa wa mguu, chini ya goti, ulikuwa unamuuma kwa ndani mpaka anashindwa kulala. Aliniomba nisimwambie mtu, alitaka kukimbia. Mwenyekiti wa klabu naye alikuwa ameshaniambia kwamba binti huyu asipokimbia, nitafute kazi nyingine. Mimi nilijua mguu ule haufai. Najua mifupa kama fundi ajuavyo mbao. Sikumwambia akimbie. Sikumwambia asikimbie. Nilinyamaza tu, nikaita heshima, kwamba naheshimu siri yake na uamuzi wake.

Mzunguko wa tatu mguu ulivunjika. Niliusikia kutoka pembeni.

Sasa anachechemea. Ana duka la nyuzi na vifungo, mitaa miwili kutoka hapa. Miaka kumi na moja nazunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya duka lake, babako anadhani napenda mazoezi.

Na mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza! Nilikupa kisu kwa upande wa makali, sikukuambia kwamba kimya cha kocha ni cha mtu aliye mbele yake peke yake, hakikopeshwi kwa mwingine.

Ulinililia kwamba hujiamini. Ninavyoona mimi sasa, ulikuwa unatetemeka kwa sababu kuna karatasi ilikuwa inakungoja ofisini na mwili wako uliijua kabla yako. Usiombe kutetemeka kukuishe haraka.

Sijui mlango uko wapi. Ningeujua ningetoka mwenyewe zamani.

Shangazi yako


30 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imelala na mimi chini ya mto siku tano. Sikukasirika. Ni kama nimekuona kwa mara ya kwanza.

Jumapili mchana nilikwenda kwa Fundi Rangi. Anaishi chumba kimoja na sebule, ukuta wa ndani kaupaka mwenyewe, rangi ya yai, hauna hata alama ya brashi. Mkewe alinifungulia, akaniangalia viatu, akanipisha bila neno. Mzee alikuwa anasikiliza redio. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu alfajiri na yote yakayeyuka mlangoni.

"Ni mimi niliyeandika," nikasema.

"Najua. Nilikuambia wewe peke yako."

"Samahani, mzee."

"Nimeisikia." Alipunguza redio. "Sijui nitaiweka wapi, lakini nimeisikia. Wale wenzangu bado wanaingia mle ndani?"

"Wanaingia."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Basi hapa kwangu umefuata nini?"

Mkewe aliniletea maji, nikanywa nimesimama, nikaondoka.

Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi cha Meneja na wasimamizi, kabla cherehani hazijawashwa, nilinyoosha mkono. Meneja alidhani naomba ruhusa ya choo, akanipungia nitoke. Nikasimama. Nikawaambia wasimamizi watano kwamba kila mwezi nimekuwa nikiandika ukurasa juu ya kila mmoja wao, kwamba macho ya Fundi Rangi niliyaandika mimi, na kwamba kuanzia siku ile siandiki tena. Shangazi, nilitetemeka mpaka meza ikagonga. Sauti ilirudi kuwa ile ya mtoto aliyetumwa sukari, ikakatika katikati ya neno "macho", nikaanza sentensi upya. Niliimaliza. Mama Pindo ndiye wa kwanza kuinuka, akapita mbele yangu kama anapita mbele ya nguzo.

Meneja alinibakiza. "Unadhani nitakufukuza? Nitakuwa nimekusaidia. Kwa ufupi," na mara hii kweli ilikuwa fupi, "utaingia chumbani kwako saa mbili, utatoka saa kumi na moja. Hakuna atakayeingia. Saa zako zote nimezifuta. Mkataba una miezi kumi na saba. Ukichoka, mlango unaujua."

Wiki ya pili sasa naketi ndani ya vioo na meza na viti viwili. Sina kitabu, wamekataza. Nahesabu mapindo yanayopita. Wengine wananitazama kwa hasira, wengine hawanitazami kabisa, na sijui kipi kinauma zaidi. Chama chetu cha makocha nimekiandikia mwenyewe nilichofanya. Hawajajibu.

Ningeweza kwenda. Begi ni moja. Lakini najua nikitoka Ijumaa, Jumatatu wataweka mwingine mwenye sauti nzuri na watamwamini. Nikiwa nimekikalia hiki kiti, angalau hakina mtu mwingine.

Mwanao


12 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Babako kajua yote, nilimpa barua zako azisome. Alizisoma siku nzima kwa miwani yangu. Jioni akasema, "Kumbe hii ya kwake ni ngumu kuliko mpira." Tangu hapo hajamwambia mtu habari ya timu.

Juzi nilipita njia ya mbele.

Niliingia dukani nikiwa nimeandika karatasi kabisa nyumbani, maana ningeandika pale mkono ungenikataa. Alinitambua. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, mguu kaunyoosha juu ya boksi. Nikampa. Niliandika kwamba nilijua mguu haufai, na nilinyamaza kwa ajili ya kazi yangu, nikajidai ni kwa ajili yake. Mistari mitano. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo ya vifungo, akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Zipu nyeusi mbili. Nilingoja. Akaniuliza, "Na wewe nikupe nini?" Nikaonyesha uzi mweupe. Akanifungia kwenye gazeti, nikaondoka.

Sijui maana yake. Sikuhisi wepesi wowote ule ambao watu husema wanauhisi. Lakini jana nimepita tena mbele, nikamwinulia mkono. Alikuwa anapima utepe, hakuniona, au aliniona.

Kaa mpaka nyuma ya kiti.

Shangazi yako


3 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo, na mfikishie Baba. Chama kimejibu: hata Meneja asingezifuta, saa zangu zisingetambuliwa mpaka wanisikilize, na watanisikiliza mwaka ujao. Nilitarajia mabaya zaidi.

Nataka nikusimulie ya Alhamisi.

Saa nne, wakati wa chai, ukumbi ulikuwa umepoa, watu wamekaa juu ya marobota ya kitambaa na vikombe vyao. Mama Pindo akatoka kwenye kundi lake. Nilimwona tangu mbali kwa sababu anapotembea watu wanapisha. Nikadhani anakwenda stoo. Akafungua mlango wangu, akaingia na kikombe, akakaa.

"Mama, hairuhusiwi kuingia humu," nikamwambia.

"Nimeingia au sijaingia?"

"Umeingia."

"Basi."

Akanywa chai. Nje, watu waliacha kutafuna. Meneja alikuwa juu kwenye ngazi ya ofisi, nikamwona anasimama na mkono kwenye chuma.

"Mwezi mzima nimekukasirikia," Mama Pindo akasema. "Bado nimekukasirikia, usije ukajidanganya. Yule mzee ndiye aliyenionyesha kazi nilipoingia hapa."

"Najua, mama."

"Hujui. Utaandika nitakachosema?"

"Hapana."

"Wakikubana?"

"Nitakuja kukuambia wewe kwanza, kabla sijafungua mdomo. Nilishabanwa mara moja nikashindwa, mama, siwezi kukuapia kwamba mimi ni chuma. Ila utajua siku hiyohiyo." Sauti ilikuwa inatetemeka, na sikuizuia.

Alinitazama muda mrefu. Sikuhesabu.

"Hilo la mwisho," akasema, "ndilo neno la kwanza la mtu mzima ulilonena humu ndani. Haya, niulize."

"Nikuulize nini?"

"Wewe si ndiye kocha? Niulize."

Kwaufupi alikuwa ameshuka ngazi mbili, akasimama tena. Kengele ya kurudi kazini ililia, na hakuna aliyewasha cherehani. Nikamuuliza Mama Pindo anaogopa nini.

Aligeuza shingo akamtazama Meneja kupitia kioo, bila haraka, kama anakagua mshono. Kisha akainuka kidogo, akageuza kiti chake kikampa mgongo, akakaa, akaanza kuongea.

Aliyoyasema, Shangazi, sitakuandikia.

Mwanao